Sikio Halisikii, au Dawa Haijafika? Sanaa na Haki ya Kupashwa Habari katika Wilaya za Tarime na Serengeti



Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi yetu inatamka wazi kwamba mtu mwenye dhamana ya malezi ya msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, akimkeketa au akisababisha akeketwe, ametenda kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili kwa pamoja. Zaidi ya robo karne imepita. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake wapatao 28 katika kila 100, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49, walikuwa wamekeketwa. Kwa nchi nzima walikuwa 8 katika kila 100. Utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2015-16 ulikuwa umeonyesha 32 kwa Mara na 10 kwa taifa. Tumesogea mbele, lakini kwa mwendo wa kobe.

Takwimu kama hizo zinaposomwa, wengi wetu hukimbilia methali: sikio la kufa halisikii dawa. Husemwa kwamba watu wa Tarime na Serengeti wameambiwa vya kutosha, wakaamua kuziba masikio yao. Makala haya yanauliza swali jingine. Je, dawa yenyewe imefika sikioni? Imetolewa kwa lugha gani, na nani, saa ngapi, na kwa namna gani? Kabla ya kumlaumu asiyesikia, yampasa msemaji kujichunguza kama amesema kwa namna inayosikika.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu humpa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii. Haki hiyo haitimizwi kwa kubandika tangazo katika ofisi ya kata. Tunaamini kwamba katika wilaya zetu mbili, sanaa na utamaduni ndiyo barabara inayofika mahali ambapo tangazo halifiki. Lakini barabara hiyo itakuwa ya haki kwa masharti mawili: wasiosikika wapewe nafasi ya kusema wenyewe, na kila wimbo umwonyeshe msikilizaji mlango ulio wazi wa kupata msaada.

NI NANI WASIOFIKIWA?

Tunaposema juu ya watu wasiofikiwa na huduma, twafikiri kwanza juu ya umbali. Ni kweli kwamba viko vijiji ambavyo mvua za masika huvitenga na makao makuu ya wilaya, na kwamba mama mwenye mgonjwa hutembea mwendo mrefu kabla ya kupata zahanati. Lakini umbali si wa kilomita tu.

Yuko bibi ambaye anaongea Kikurya au Kingoreme na ambaye Kiswahili cha ofisini humpita juu ya kichwa. Bibi huyo ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wajukuu wake wa kike, lakini semina haimfikii. Yuko msichana aliyeacha shule, ambaye vipeperushi vinavyogawiwa shuleni havimhusu tena. Yuko mama asiye na simu, au ambaye simu ya nyumba hukaa mfukoni mwa baba. Wako viziwi, ambao kipaza sauti cha gari la matangazo kwao ni gari tu linalopita. Wako vijana wa kiume wanaochunga mifugo kutwa, ambao hakuna anayewauliza kama wangependa kuoa msichana aliyekeketwa au asiyekeketwa. Wako hata mangariba wenyewe, ambao huambiwa wanalofanya ni kosa, bali hawapewi nafasi ya kueleza ni nini kinachowafunga katika kazi hiyo.

Sasa tuangalie jinsi habari inavyopelekwa. Semina hufanyika Tarime mjini au Mugumu, katika ukumbi, asubuhi ambapo wanawake wako shambani. Wanaoalikwa ni viongozi, na mara nyingi ni wale wale wa mwaka uliopita. Mafunzo hutolewa kwa Kiswahili kigumu chenye maneno ya kitaalamu. Mwisho hupigwa picha, kitambaa cha matangazo hukunjwa, na kila mmoja hurudi kwake. Twahesabu waliohudhuria, lakini hatuhesabu waliofahamu. Kwa kusema kweli, baadhi ya semina zetu za kanisa nazo zafuata mtindo huo huo.

NGOMA TAYARI INALIA

Wako wanaodhani kwamba kutumia sanaa ni kuleta kitu kipya vijijini. La hasha. Sanaa iko kazini siku zote, na katika jambo hili imekuwa kwa muda mrefu upande wa kisu.

Kila mwenyeji wa Tarime anajua hali inavyokuwa msimu unapowadia. Kwa kawaida huwa katika miaka ya shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Novemba na Desemba, shule zinapokuwa zimefungwa. Wazee wa mila wa ukoo wanapotoa neno, ngoma huanza. Msichana aliyekeketwa husindikizwa barabarani kwa nyimbo na vigelegele, huvalishwa khanga na vitenge, na hutuzwa fedha. Kwa siku hizo chache yeye ndiye malkia wa kijiji. Mwenzake aliyekataa huitwa msagane, jina la kumdhalilisha mbele ya rika lake, na huimbwa kwa kejeli kisimani na sokoni.

Tazameni basi mizani ilivyo. Upande mmoja kuna karatasi ya sheria, iliyoandikwa kwa lugha ya mahakama. Upande wa pili kuna wimbo, mavazi, zawadi, rika, na sifa ya baba na mama. Ni mtoto gani wa miaka 12 ambaye ataichagua karatasi? Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama tutumie sanaa au tusitumie. Sanaa inatumika tayari. Swali ni nani atakayeimba kwa ajili ya msichana anayetaka kubaki mzima.

Tena, ngoma hainunuliwi na haiombi kibali mpakani. Wakurya wako pande zote mbili, Tanzania na Kenya, na kwa wakazi wa Sirari na Isebania mpaka ni barabara ya kuvuka kwenda sokoni. Kenya nayo ilitunga mwaka 2011 sheria inayokataza ukeketaji, lakini mtoto huweza kuvushwa upande huu au ule kukwepa mkono wa sheria. Wimbo mwema waweza kuvuka vile vile, tena kwa lugha ile ile.

NJIA ILIYOKWISHA KUJARIBIWA

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Nchi yetu ina historia ndefu ya kupeleka elimu kwa njia ya sanaa, na yafaa tuikumbuke.

Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vya redio vilisikilizwa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na kijitabu chake, na baada ya kipindi watu walijadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Nguvu ya kampeni hiyo haikuwa redio peke yake. Ilikuwa kile kikundi cha majirani kilichokaa chini ya mti baada ya redio kuzimwa. Sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tunazo jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa kanda ya AMECEA walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Kikundi cha kusikiliza na kujadili tunacho tayari, tena hukutana kila juma.

Mwaka 1982 na 1983, huko Malya katika Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi pamoja na wanakijiji. Hawakuja na mchezo ulioandikwa mjini. Waliuliza kwanza ni tatizo gani linalowasumbua watu, na jibu likawa mimba za wasichana wa shule. Kisha vijana wenyewe walitunga igizo na kutumia ngoma za Kisukuma wanazozifahamu, na baada ya onyesho wazazi na viongozi walikaa kujadili walichokiona.

Kutokana na uzoefu wa namna hiyo ulizaliwa mwaka 1996 mradi wa Tuseme. Katika mradi huo wasichana wa shule za sekondari hutumia maigizo, nyimbo na ngonjera kueleza vikwazo vinavyowazuia kusoma, na kutafuta ufumbuzi wake. Mradi huo ulioanzia hapa Tanzania umeenezwa baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Angalieni jina lenyewe: halikuitwa Tusikilize, bali Tuseme.

Mwezi wa Julai mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa malori aliyependa wanawake wengi mpaka akapatwa na UKIMWI, na mkewe Tunu aliyejifunza polepole kusimama kwa miguu yake. Kwa muda wa miaka miwili ya kwanza, eneo lililohudumiwa na mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa baadaye yalionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika, watu walibadili mwenendo wao katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI kuliko mahali usiposikika. Si kila jambo lililopendekezwa katika mchezo huo linapatana na mafundisho ya Kanisa juu ya uzazi. Lakini somo juu ya nguvu ya hadithi laweza kupokelewa na kila mtu: hadithi iliyosimuliwa vizuri hubadili maisha, na jambo hilo limepimwa.

Hata hapa kwetu tunao mfano. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alipokwisha kung'atuka madarakani alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Kiongozi huyu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewahutubia wananchi katika mikutano ya hadhara, aliona inafaa kutumia miaka ya uzee wake kutafuta vina na mizani. Kazi yake yatukumbusha kwamba neno lenye mdundo hukaa moyoni mwa mtu hata asiyejua kusoma.

SANAA ISIWE CHAMBO

Hata hivyo, yatupasa kuwa waangalifu. Iko namna ya kutumia sanaa ambayo yenyewe ni dhuluma.

Mara nyingi kikundi cha ngoma huitwa ili kuvuta watu. Watu wakishakusanyika, ngoma hunyamazishwa, mgeni rasmi huchukua kipaza sauti, na hotuba huanza. Hapo ngoma imekuwa chambo tu, na wananchi ni samaki. Wakati mwingine igizo hutungwa na watu wa mbali, kila sentensi ikiwa imepangwa, na wanakijiji hufundishwa kuikariri. Mama Mkurya husimama jukwaani akisema maneno ambayo hayakutoka moyoni mwake, na majirani zake hutambua mara moja. Baya zaidi, msichana aliyekimbia kisu husimamishwa mbele ya wageni kusimulia kidonda chake, hupigwa picha, na kesho yake kijiji kizima kinajua ni mzazi gani aliyeshtakiwa. Ushuhuda wa mtoto ni mali ya mtoto. Hauwezi kuwa burudani ya mkutano, hata kama machozi yatakayotoka ni ya huruma.

Maandiko Matakatifu yanatupa mifano miwili ya kutuongoza. Wa kwanza ni wa nabii Nathani katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Alipotumwa kwa Mfalme Daudi aliyekuwa amemtwaa mke wa Uria, hakuanza kwa kusoma amri. Alisimulia habari ya maskini mmoja na mwanakondoo wake wa pekee. Mfalme alikasirika, akatoa hukumu juu ya tajiri wa hadithi, na ndipo alipojikuta amejihukumu mwenyewe. Hadithi iliingia mahali ambapo shutuma ingepigwa na walinzi mlangoni.

Mfano wa pili ni wa binti watano wa Selofehadi, katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na mila iliwanyima urithi. Hawakusemewa na mtu. Walikwenda wenyewe kwenye mlango wa hema la kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani na kusanyiko lote, wakaeleza shauri lao. Mungu akasema wana haki, na sheria ikarekebishwa.

Nathani anatufundisha kusema kwa hadithi. Binti za Selofehadi wanatufundisha kwamba hadithi iliyo bora husemwa na yule inayemhusu. Kampeni zetu zimempenda mno Nathani na kuwasahau hao binti. Twatunga nyimbo juu ya wasichana, lakini ni mara ngapi tumewapa wasichana muda wa kutunga zao, kwa lugha ya nyumbani, na kuziimba mbele ya wazee wakiwa na ulinzi wetu?

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wapo watakaosema: mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo tunaiheshimu. Lakini mila ni mti, na mti wenye afya hukatwa matawi yaliyooza. Ritungu lenye nyuzi nane, mafumbo ya wazee, hekima ya iritongo ambapo jamii hukaa kusuluhisha mashauri yake, heshima kati ya marika: hayo yote ni urithi. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, na Waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1995 uliofuata, vilitusisitizia utamadunisho, yaani Injili kuota mizizi katika utamaduni wetu na kuutakasa kutoka ndani. Anayetumia ritungu kumtetea msichana hajaacha mila. Amechagua lililo bora ndani yake.

Wengine watasema kwamba ngoma si mahali pa Kanisa. Hao na watazame ng'ambo ya ziwa, Bujora karibu na Mwanza. Huko, tangu miaka ya 1950, Padre David Clement aliwakaribisha Wasukuma pamoja na ngoma zao na vyombo vyao vya jadi. Kanisa lilijengwa kwa sura ya nyumba ya Kisukuma, na sherehe ya Ekaristi Takatifu ikaambatana na mashindano ya ngoma ya Bulabo. Imani haikupungua. Ilipata miguu ya kuchezea.

Wapo pia watakaosema kwamba sheria yatosha: wakamatwe, wafungwe. Sheria ni ya lazima, nasi twaiunga mkono. Lakini sheria isiyofahamika huwafanya watu wajifiche badala ya kuacha. Ripoti nyingi zimeeleza jinsi ukeketaji unavyofanywa kwa siri, na hata kwa watoto wadogo zaidi, ili kukwepa macho ya dola. Polisi hawezi kusimama mlangoni pa kila jiko. Dhamiri ya bibi ndiyo iwezayo kusimama hapo, na dhamiri huamshwa kwa lugha inayoielewa.

WIMBO UWE NA MLANGO

Hapa twafika penye uzito. Tuseme igizo limefanikiwa. Msichana aliyeketi nyuma ya umati ameguswa, na usiku huo ameamua kukataa. Atakwenda wapi?

Tukimwamsha bila kumwonyesha njia, tumemtia hatarini. Kwa sababu hiyo, kila wimbo, kila igizo na kila ngonjera itakayotoka parokiani kwetu iwe na ndani yake habari ya mlango ulio wazi. Milango hiyo ipo. Simu ya huduma kwa mtoto ni namba 116. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Katika Wilaya ya Tarime kuna kituo cha Masanga, ambapo masista na wenzao huwapokea wasichana wakati wa msimu na kuwapa mafunzo ya jando lisilo na kisu, yanayomalizika kwa sherehe, nyimbo na furaha ya wazazi waliokubali. Huko Mugumu, Wilaya ya Serengeti, Nyumba Salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, na Rhobi Samwelly, aliyeiongoza, alianzisha mwaka 2017 shirika la Hope for Girls and Women. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu kazi hiyo, In the Name of Your Daughter, imepeleka habari za Mugumu kwa watazamaji wa nchi za mbali. Yafaa tujiulize ni wangapi katika vigango vyetu waliokwisha kuitazama.

Namba 116 ni rahisi kuimbwa kuliko kusomwa. Mtunzi wa kwaya aiweke katika kiitikio, na watoto wataiimba wakichota maji.

LA KUFANYA

Tunapendekeza mambo haya kwa halmashauri za walei na viongozi wa vigango.

Kwanza, kazi ianze mapema. Kampeni inayoanza Novemba imechelewa, kwa kuwa wakati huo mahindi ya pombe yamekwisha kutengwa na wageni wamekwisha kualikwa. Msimu wa Kwaresima ni wakati mwema wa kuanza, ili mazungumzo yawe na miezi ya kukomaa.

Pili, tuwatafute wasanii wa hapa hapa. Mpiga ritungu mzee, mama anayejua nyimbo za kubembelezea watoto, kijana anayetunga mashairi katika simu yake, kwaya zetu zenye sauti nzuri: hao wote waitwe kukaa pamoja na wasichana na wazazi kabla ya kutunga lolote. Nao walipwe. Mcheza kwao hutunzwa, na aibu ni yetu tunapomlipa posho mwezeshaji kutoka mjini na kumpa mpiga ngoma soda moja.

Tatu, lugha ziwe za watu. Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata na lugha nyingine za majirani zitumike bila haya. Na kwa viziwi, vijana wawili au watatu wa parokia wapelekwe kujifunza lugha ya alama. Igizo ndilo rafiki wa kwanza wa kiziwi, kwa kuwa mwili nao husema.

Nne, onyesho lisimalizike kwa hotuba. Limalizike kwa swali. Baada ya igizo watu wagawanyike katika makundi: wazee, akina mama, wavulana, wasichana. Kila kundi lieleze limeona nini na lingemalizaje hadithi ile. Jumuiya ndogondogo ziendeleze mazungumzo hayo juma linalofuata.

Tano, wavulana na akina baba wasiachwe nje. Kijana akiimba hadharani kwamba atamwoa msichana mzima na kumheshimu, jina la msagane litapoteza ukali wake. Mzee wa mila akiombwa kwa adabu abariki watoto bila kisu, na akikubali, ametenda kazi ambayo vitambaa mia vya matangazo haviwezi.

Sita, tuwasikilize mangariba. Imeripotiwa mara nyingi kwamba hulipwa kwa kila msichana, na kwamba sehemu ya malipo huenda kwa wazee. Anayeacha kisu huacha pia kipato, na pengine hutishwa. Kwa hiyo, pamoja na kumwomba atubu, jumuiya imsaidie kupata shughuli nyingine ya halali.

Na yaliyosemwa hapa juu ya ukeketaji yanahusu pia haki nyingine ambazo habari zake haziwafikii wanyonge: urithi wa wajane, ndoa za watoto, fidia ya mazao yaliyoharibiwa na tembo wa hifadhi, malalamiko ya wakazi wa jirani na mgodi wa Nyamongo. Kila mahali swali ni lile lile. Je, yule anayehusika ameelewa, na je, amepewa nafasi ya kusema?

Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitukumbusha kwamba kushughulika kwa ajili ya haki ni sehemu ya kuhubiri Injili yenyewe. Bwana wetu alihubiri kwa mifano ya chachu, wavu, taa na mbegu, vitu vilivyokuwa mikononi mwa wasikilizaji wake. Tusione aibu kuhubiri haki kwa ritungu, kwa ngoma na kwa igizo. Na msimu ujao vijana watakapoanza kuimba barabarani, ziwepo sauti nyingine barabarani zikiimba pia, na miongoni mwake ziwe sauti za wasichana wenyewe.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni nani hasa ambaye habari za haki zake hazimfikii? Tumtaje kwa hali yake, tusimtaje kwa jina.

2. Ni nyimbo zipi za hapa kwetu zinazomdhalilisha msichana? Ni zipi zinazomjenga?

3. Msichana akija leo usiku mlangoni kwa mwenyekiti wa jumuiya kuomba hifadhi, tutafanya nini katika saa ya kwanza?

4. Ni msanii gani wa hapa kwetu tutakayemwendea juma hili, na tutamlipaje?